Ulimi wa La

Kililetwa Barabara ya Kumi na Mbili kwa mkokoteni,
kimefungwa kamba ya mkonge kama mbuzi wa mnada,
Mwalimu Semkiwa akisukuma nyuma kwa bega,
jasho limelowesha kola.
"Fundi Mwanasiti, wewe ndiye wa cherehani.
Hiki nacho kinakanyagwa."
Nikamwambia, si kila kinachokanyagwa kinashona.
Lakini mkono ulishaifikia bisibisi.

Skrubu kumi na nne;
mbili zilikuwa misumari iliyojifanya skrubu.
Nilipofungua mgongo kinanda kikanipumulia usoni:
nta, panya, karatasi iliyolala na unyevu.
Walikuwa wamezalia ndani ya mvukuto,
kitanda wamekitandika vipande vya zaburi.
Nilisoma *Ee Bw*,
nikasoma *milele*,
kisha mkia.

Nilivyovitoa nikaviweka kwenye ungo:
kifungo cha joho, senti kumi yenye tundu,
kibiriti kilichobaki njiti moja,
jino la mtoto.
Habari ya jino sikumwambia mtu.

Ndimi zake za shaba, nyembamba kama wembe,
kila mmoja umelala kwenye kitanda chake.
Semkiwa akanitajia sauti zake,
do, re, mi, fa, so, la, ti,
nami niliyesomeshwa chuoni kwa kiboko na aliphu
nikazisikia kwa sikio langu:
Mi inanitaja mimi.
Fa, kweli, ilikuwa imekufa.
La ilisema la.

Ngozi nikanunua kwa Hatibu wa machinjioni,
ya mbuzi mchanga asiye na kovu;
siku tatu naipara kwa kigae cha chupa
hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio.
Gundi nikaichemshia kwenye kopo la maziwa.
Majirani wakafunga madirisha.
Mume wangu akachungulia:
"Leo tunakula kwato?"

Fa ilisongwa na utando wa buibui tu.
Nikaupuliza, ikafufuka.

La haikuwa hivyo.
Ulimi wake haukufanana na wenzake:
mnene, umekatwa kwa mkono,
meno ya mkasi bado yameuma ukingoni,
na chini yake, ubaoni, kwa penseli:
*Taa ya mama. Sauti nisameheni. Zakaria, masika ya*
na mwaka umeliwa na mchwa.

Mimi fundi, nina kiburi changu.
Nikakata mwingine, bamba jipya la dukani.
Kwaruza ncha, sauti inapanda;
kwaruza shina, inashuka.
Usiku mzima napanda na kushuka
hadi ukakaa pale pale ulipo uma wa Semkiwa,
bila hata unywele kati yao.

Jumamosi wakaja kukisikiliza uani.
Bi Perepetua akakalia ndoo iliyofudikizwa,
aliyeimba safu ya mbele tangu ana nywele nyeusi.
Semkiwa akakanyaga.
Kilitoka nyoofu, kimenyoka kama uzi kwenye nta.
Bibi akangoja mpaka mwisho.
"Kizuri," akasema. "Cha nani?"

Tukatazamana.

"Chetu kikifika pale kilikuwa kinakohoa,
nasi sote ndipo tunapovuta pumzi.
Sasa mimi nitavutia wapi?"

Walipoondoka nikafungua tena mgongo,
skrubu kumi na nne, sasa zote skrubu.
Taa ya mama yake Zakaria nikaifuta kwa khanga,
sikuikwaruza ncha wala shina,
nikairudisha kitandani mwake.
Nikaibonyeza.
Ikakohoa. Mume wangu chumbani
naye akakohoa.

Ule wangu umo kwenye kopo la sindano.
Siku zisizo na kazi naupuliza:
unaitika La, safi, sawasawa,
na hakuna anayeungoja.